Mchikichi na Muhogo: Mti na Mzizi katika Nchi ya Kalemie

Mtu afikaye Kalemie kwa njia ya maji huona kwanza vilima, kisha nyumba zilizobanana kati ya vilima na ufuko, na mwishowe bandari na reli. Mji huu, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Albertville, umekaa mahali pa pekee. Hapa ndipo mto Lukuga utokapo katika Ziwa Tanganyika. Wala hakuna mto mwingine uyatoao maji ya ziwa hili kubwa. Msafiri Mwingereza Cameron aliufikia mlango huo mwaka wa 1874. Maji ya Lukuga huenda magharibi hata mto Lualaba, na kwa njia ya Lualaba hufika bahari ya Atlantiki. Reli nayo ilifika hapa mwaka wa 1915 kutoka Kabalo, na ng'ambo ya ziwa, huko Kigoma, reli ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika mwaka mmoja kabla. Basi Kalemie ni mji wa njia panda, na tangu mwaka wa 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Tanganyika.

Lakini leo hatukusudii kuwaeleza habari za meli wala za reli. Twataka kuwachukua, ninyi wasomaji wetu, mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka mashambani, ili tutazame pamoja vitu viwili ambavyo kila mama wa Kalemie avijua, lakini ambavyo ni watu wachache walioketi na kuvilinganisha. Cha kwanza ni mchikichi, ambao wenyeji wengi huuita mungazi, na matunda yake ngazi. Cha pili ni muhogo.

Ukizunguka sokoni asubuhi utaviona vimekaa jirani. Huku mafungu ya mihogo mibichi, magunia ya makopa meupe yaliyokauka juani, unga uliotwangwa, na mafungu ya majani ya sombe. Kule mabidoni na chupa za mawese mekundu, ambayo mengine yametoka vijiji vya ufukoni, na mengine yamekuja kwa reli kutoka bara, upande wa Nyunzu na Kongolo. Kati yao wamekaa wauzaji wa samaki. Jioni vyote hivyo hukutana katika chungu kimoja: bukari ya muhogo, sombe iliyotiwa mawese, na ndakala wa ziwani. Basi twauliza: Vitu hivi viwili, ambavyo hupatana vizuri sana chunguni, mbona havipatani shambani? Mbona mwenye muhogo ni kila mtu, na mwenye mchikichi ni wachache?

MGENI NA MWENYEJI

Watu wengi hudhani ya kuwa muhogo ni mmea wa asili yetu, maana babu zetu waliula na sisi twaula. Sivyo. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Kongo katika karne ya 16, nao ukasafiri polepole kuja bara, kijiji kwa kijiji, bila mtu kuulazimisha, kwa kuwa watu waliona wenyewe faida yake. Ulipofika kwetu haukukuta njia imefungwa. Mtama na ulezi zilikuwako, lakini nzige na ndege walizila, na muhogo ulikuwa umejificha ardhini.

Mchikichi, kinyume chake, ni mtoto wa Afrika. Nyumbani kwake ni misitu ya magharibi na ya katikati ya bara letu, na ufuko wa Ziwa Tanganyika ni moja ya nchi za mwisho za mashariki ulikofika kwa wingi tangu zamani. Msafiri Burton, alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, aliikuta miti hiyo na mafuta yake tayari yakiuzwa. Hivyo, kabla ya kuwako reli au meli ya moto, mawese yalikuwa yakipita katika mitumbwi ya ziwa hili.

Kwa hiyo mgeni ameenea kila mahali, na mwenyeji amebaki pembeni. Ili tujue sababu, yafaa tutazame kila mmoja ataka nini.

MUHOGO HUTAKA NINI

Muhogo hutaka machache. Hauna mbegu ya kununua: mwenye shamba huchukua kijiti cha mti uliokwisha komaa, chenye urefu wa sentimeta 20 au 30, akakichomeka ardhini mwanzoni mwa mvua. Akiweka nafasi ya meta moja kila upande, hektari moja itachukua vijiti 10,000. Udongo mwembamba, ambao mahindi yangekufa humo, muhogo huuvumilia. Katika nchi ya Kalemie mvua huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Miezi ifuatayo ni kiangazi. Muhogo ukiona ukame hauhangaiki. Huangusha majani yake, hulala, nao hungoja. Mvua ikirudi huchipua tena.

Wema wake mwingine ni kwamba hauna siku moja ya mavuno. Aina za upesi huanza kuliwa baada ya miezi minane au tisa, na nyingine hukaa mwaka mmoja na nusu au hata miwili. Mama huchimba mashina mawili leo, na matatu keshokutwa, kama mtu achukuaye fedha katika akiba. Wakati wa fujo, jeshi lipitapo laweza kuchoma ghala ya mahindi kwa dakika chache. Lakini kuchimba shamba zima la mihogo ni kazi ya siku nyingi.

Lakini tusiusifu kupita kiasi. Kwanza, muhogo ukiisha kuchimbwa haukai: baada ya siku mbili au tatu huanza kuharibika ndani, kwa hiyo lazima uliwe, uuzwe au ulowekwe upesi. Pili, hauwezi kukaa majini. Hili twalisema kwa sababu ya mambo yaliyoonekana hapa siku za karibuni. Katika mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana yakafunika nyumba na njia katika mitaa ya ufukoni. Shamba la bondeni likisimama maji kwa siku chache tu, mihogo yake huoza. Tatu, katika miezi mitatu ya kwanza majani yake hayajafunika ardhi, na mvua kubwa ikipiga mteremko ulio wazi huuchukua udongo mzuri mpaka ziwani. Vilima vya Kalemie vyenye makovu mekundu vyaonyesha jambo hilo bila ya sisi kusema zaidi.

Tena muhogo una adui zake. Uko ugonjwa wa batobato, ambao huyakunja majani na kuyatia rangi ya manjano. Uko na ule wa michirizi ya kahawia, ulio mbaya zaidi, kwa kuwa majani yaweza kuonekana mazima na huku mizizi inaoza ndani kwa ndani. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini huenezwa pia na mkono wa mkulima mwenyewe, anapokata vijiti katika shina lenye ugonjwa na kumpa jirani yake kama zawadi. Kabla ya hayo, katika miaka ya 1970, kulitokea upande wa Kinshasa na Brazzaville mdudu mweupe mwenye unga, aliyekuja kutoka Amerika, akaenea katika sehemu kubwa ya Afrika na kuharibu mashamba yasiyohesabika. Wataalamu walikwenda kumtafuta adui yake huko huko alikotoka, wakampata Paraguay mwaka wa 1981: ni nyigu mdogo sana. Wakamlea na kumwachia katika nchi nyingi za Afrika, naye akafanya kazi ambayo dawa hazikuiweza. Bwana Hans Herren, Mswisi aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

MCHIKICHI HUTAKA NINI

Sasa tuuendee mti. Mchikichi hutaka mengi, na la kwanza ni maji. Nchi iupendezayo zaidi ni ile yenye mvua ya milimita 1,800 au 2,000 kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri katika miezi yote. Kalemie haipati kiasi hicho, na kiangazi chake ni kirefu. Ndiyo sababu ukitoka mjini na kufuata njia za vijiji huoni michikichi juu ya vilima. Waiona mabondeni, kandokando ya vijito, na karibu na ufuko, mahali ambapo mizizi yaweza kuyafikia maji hata mwezi wa Agosti. Wazee walioipanda hawakusoma vitabu vya kilimo, lakini walijua.

Tena mti huu una tabia ya ajabu. Hutoa maua ya kiume na maua ya kike mbalimbali katika shina lile lile. Ukipata taabu ya ukame, huzidisha maua ya kiume na kupunguza ya kike. Na kwa kuwa maua huanza kuumbika ndani ya shina muda mrefu kabla ya kuonekana, ukame wa mwaka huu huja kuonekana katika mavuno ya karibu miaka miwili baadaye. Mkulima asiyejua jambo hili huulaumu mti katika mwaka wa mvua nzuri, kumbe wamlipa deni la mwaka aliokwisha kuusahau.

La pili utakalo mchikichi ni nafasi. Miti hupandwa meta tisa kwa meta tisa, kwa mpango wa pembetatu, na hektari moja haichukui zaidi ya 143 hivi. Linganisheni hesabu hiyo na vijiti 10,000 vya muhogo.

La tatu ni wakati, nalo ndilo kubwa. Mbegu yake ni ngumu, hukawia kuota. Mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Ukiisha kupandwa shambani, aina bora huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na ile ya kienyeji hukawia zaidi. Halafu huzaa miaka 25 na zaidi, mpaka shina linakuwa refu hata mpandaji aogopa kulipanda na kamba yake. Kwa hiyo mtu apandaye mchikichi akiwa na mtoto mchanga mgongoni mwa mkewe, atavuna kikamilifu mtoto huyo akiwa shuleni, na mtoto mwenyewe ataendelea kuvuna akiwa baba wa watoto.

Na hapa yatupasa kutaja jambo ambalo Wakongomani wangeweza kujivunia zaidi kuliko wanavyofanya. Michikichi ya kienyeji ina kokwa lenye ganda nene na nyama chache ya mafuta. Wako na michikichi michache isiyo na ganda kabisa, lakini mara nyingi haizai vizuri. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo, wataalamu wawili Wabelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza mwaka wa 1941 ya kuwa aina ile ya kati, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ni mtoto wa hizo aina mbili. Tangu hapo ikajulikana namna ya kuipata kwa hakika, kwa kuzioza aina hizo mbili. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, yanayoujaza ulimwengu mafuta leo, yamesimama juu ya elimu hiyo iliyopatikana Kongo. Na vijiji vingi vya Kongo bado vyakamua ile ya ganda nene.

Ng'ambo ya ziwa wameamka. Mwaka wa 2018 serikali ya Tanzania ilianzisha mkoani Kigoma kazi ya kukuza zao la mchikichi, na miche ya aina bora huzalishwa katika kituo cha Kihinga. Maji yatenganishayo Kigoma na Kalemie ni yale yale, na mvua zao zafanana.

KATIKA CHUNGU KIMOJA

Tukija kwenye matumizi, twaona kwamba kila kimoja hutoa zaidi ya kitu kimoja. Muhogo hutoa mzizi kwa bukari, na majani kwa sombe. Mchikichi hutoa mawese kutoka nyama ya tunda, na mafuta ya mise kutoka kiini cha kokwa, ambayo hufaa kwa sabuni. Makapi na maganda huwasha moto. Makuti huezeka nyumba na kufuma vikapu. Njiti zake hufunga fagio. Mti hutoa pia malafu, lakini hapo pana hatari: aukataye mti mzima ili apate malafu ya siku chache ameuza miaka 20 ya mafuta kwa vibuyu vichache.

Mzizi wa muhogo hushibisha, nao hutia nguvu ya kulima na kubeba. Lakini karibu wote ni wanga. Hauna cha kutosha cha kujenga mwili wa mtoto, wala cha kulinda macho yake. Mtoto alishwaye bukari tupu hushiba na huku anadhoofika. Majani yake ndiyo yenye chakula cha kujenga mwili, na samaki wetu wa ziwani huzidi kukitia nguvu. Mawese nayo, kwa ile rangi yake nyekundu, yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri jioni, naye aweza kufikia upofu kamili. Akina mama, msiyachome mawese jikoni mpaka yawe meupe: wekundu huo mnaouondoa ndio dawa yenyewe.

Tena mihogo, hasa ile michungu, ina sumu. Kwa desturi mama zetu huimenya, huiloweka siku tatu au nne mpaka ilainike, kisha huianika juani. Desturi hiyo ni elimu ya kweli. Haikuwekwa kwa kupoteza wakati. Mwaka wa 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa ulioonekana katika nchi ya Kwango, uitwao konzo kwa lugha ya Wayaka: mtu, mara nyingi mwanamke au mtoto, huamka na miguu iliyokaza, asiweze tena kutembea sawasawa maisha yake yote. Baadaye ilijulikana ya kuwa huwapata wale wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pasipo samaki wala nyama wala kunde. Huja wakati wa njaa na wa vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka kwa sababu watoto wanalia. Hatusemi hivyo kwa kuwatia hofu. Kuanzia mwaka wa 2010, huko Popokabaka katika Kwango, akina mama walifundishwa njia nyepesi ya kuongeza usalama: kuuchanganya unga na maji, kuutandaza mwembamba juani muda wa saa mbili, au kivulini saa tano, ili sumu iliyobaki iende na hewa, ndipo wausonge siku ile ile. Njia hiyo haina gharama, isipokuwa maji na uvumilivu.

Basi mtaona ya kuwa kila kimoja hupunguza upungufu wa mwenzake. Sombe bila mawese haipendezi ulimini, wala haiufai mwili kama ile yenye mawese. Wapishi wa kale hawakujua neno vitamini, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

KWA NINI WENGI HUPANDA MZIZI TU

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako watu wasemao kwamba mkulima wa hapa hapandi michikichi kwa sababu ni mvivu, au hana akili ya kesho. Sisi hatukubali. Mtu alimaye muhogo kwenye mteremko wa Kalemie kwa jembe la mkono si mvivu.

Sababu ya kwanza ni kwamba watu wengi hawajui kama watakuwapo. Katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwaondoa watu mamia ya maelfu katika vijiji vya jimbo hili. Wengi walikuja kukaa katika makambi ya vibanda vya nyasi na turubai kuuzunguka mji. Nani awezaye kumwambia mama aliyekimbia mara mbili, mwenye watoto watano, apande mti utakaozaa baada ya miaka minne? Atapanda kile kitakachomlisha kabla ya mwaka kwisha. Na akikimbia tena, ameacha kidogo.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Sheria ya mwaka 1973 yasema kwamba udongo wa nchi yote ni mali ya Taifa. Lakini vijijini mfumu ndiye agawaye mashamba kwa desturi. Mgeni huazimwa shamba la msimu, mara nyingi kwa kutoa sehemu ya mavuno. Anaruhusiwa kupanda muhogo, maharagwe, karanga. Bali mti hapana. Wenyeji wana sababu yao: mti ni kama kigingi. Mtu akipanda mti leo, mwanawe atasema kesho, "Hapa ni petu, tazameni mti wa baba." Kwa hiyo muhogo ni mmea wa mpangaji, na mchikichi ni mmea wa mwenye nyumba. Hata mwenyeji mwenyewe, akiwa na ugomvi wa mpaka na ndugu zake, huogopa kupanda mti asije akawapandia wengine.

Twaona, basi, ya kuwa kizuizi kikubwa si mvua wala mbegu. Ni hofu. Na mahali pasipo miti, umaskini hukaa hata wakati wa amani, kwa kuwa muhogo hulisha mwaka huu, lakini mara chache huleta fedha za kutosha karo ya shule, mabati, na matibabu. Familia yenye michikichi 20 iliyokomaa kando ya kijito ina kitu cha kuuza miezi mingi ya mwaka. Familia isiyo nayo hununua mawese kwa chupa ndogo, au huila sombe yake bila mafuta.

NJIA YA KUVIPATA VYOTE VIWILI

Hatupendi kuwaacha wasomaji wetu na huzuni tu. Yako mambo ambayo familia yaweza kufanya bila kungoja mwanzo wa amani kamili.

Jambo la kwanza, msitenganishe mashamba. Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, nafasi ya meta tisa kati ya michikichi haina kazi. Muhogo waweza kupandwa katikati, mradi ukae mbali na kila mche kwa meta moja na nusu au mbili, usije ukauibia jua na chakula. Karanga na maharagwe zafaa hata zaidi, kwa kuwa hurudisha nguvu ya udongo. Hivyo mzizi huilisha familia wakati mti unakua, na palizi ya kimoja ni palizi ya kingine. Miti ikisha kufunga kivuli, muhogo uhamie pengine.

Jambo la pili, kila kimoja kiwekwe mahali pake. Mchikichi bondeni na kando ya kijito, muhogo juu ambako maji hayasimami. Kwenye mteremko, matuta yakingame mlima, yasishuke nao.

Jambo la tatu, chagueni. Kabla ya kukata vijiti vya muhogo, tembeeni shambani mwezi mmoja mbele na kutia alama mashina yenye majani mazima; wakati wa kuchimba, pasueni mizizi yake mtazame kama haina madoa ya kahawia. Na mbegu za mchikichi msiokote tu chini ya mti ulio karibu: ombeni miche kwa mtu ajulikanaye kuwa na aina ya ganda jembamba. Mkiokota ngazi za aina hiyo bora na kuzipanda, baadhi ya watoto wake watarudia ganda nene, na wengine hawatakuwa na ganda wala mavuno ya maana. Heri miche kumi ya hakika kuliko mia ya kubahatisha.

Jambo la nne ni la wakubwa wa vijiji zaidi kuliko la wakulima. Patano la kupanda miti laweza kufanywa mbele ya mfumu na mashahidi wa pande zote mbili, likaandikwa katika karatasi: ardhi ni ya nani, miti ni ya nani, kwa miaka mingapi, na mwenye ardhi atapata sehemu gani ya mafuta. Karatasi hiyo haimfanyi mgeni kuwa mwenyeji, wala haimnyang'anyi mwenyeji udongo wa babu zake. Lakini humpa mtu miaka, na miaka ndiyo mbolea ya kwanza ya mchikichi. Mfumu akubaliye mapatano ya namna hiyo kati ya Mtwa na Mluba, au kati ya mwenyeji na mkimbizi, amefanya kwa ajili ya amani kazi ambayo haifanywi na askari.

Na kama hakuna njia ya kupata patano, hata hivyo muhogo uendelee kupandwa, tena kwa heshima. Haufai kudharauliwa mzizi uliowalisha watu wakati kila kitu kingine kilikuwa kimechomwa. Lakini mwenye kipande cha ardhi kilicho chake bila ugomvi, hata kama ni nyuma ya jiko, karibu na mahali pa kumwaga maji ya kuoshea vyombo, asiache kupanda huko miche miwili au mitatu mwezi wa Novemba huu ujao, mvua zikisha shika. Shimo lichimbwe mapema, litiwe samadi au majani yaliyooza, na mche uzungushiwe miba mbuzi wasiule. Gharama yake ni ndogo, na baada ya miaka minne au mitano mama wa nyumba hiyo ataacha kununua mawese kwa chupa.